Ukumbusho wa Karakana: Wachoraji wa Hangar na Swali la Nani Alimfundisha Nani

Mwaka 2015 jumba la Fondation Cartier mjini Paris liliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoitwa Beauté Congo, chini ya usimamizi wa André Magnin. Yalianzia kwenye picha za mwaka 1926 na kuishia kwenye kazi za vijana wa siku hizi. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo, wachoraji wa Elisabethville, yaani Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, walipewa nafasi ya heshima. Sisi wakazi wa Lubumbashi hatuna budi kulifurahia jambo hilo. Hata hivyo, mtu akisoma yaliyoandikwa juu ya watu hao watatu, si kwa Paris tu bali tangu miaka ya 1950, ataona kwamba sentensi karibu zote huanza na mtu wa nne: Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyefungua karakana yao. Yeye ndiye kiima. Yeye aliwaona, aliwakusanya, aliwapa rangi, aliwaacha huru. Wachoraji wenyewe wamo katika kitenzi kama kiambishi cha yambwa, silabi moja tu iliyobanwa katikati: ali-wa-ona, ali-wa-pa.

Makala haya yanauliza swali ambalo ni la sarufi na ni la sanaa kwa wakati mmoja. Sentensi hizo zingekuwaje kama zingetungwa na mchoraji mwenyewe, akiwa mtu mzima aliyekwisha kupata jina, akiitazama nyuma ile karakana ya ujana wake? Swali hili si la kujifurahisha. Mwenze alifariki mwaka 1999 na Pilipili mwaka 2007. Kile walichokuwa nacho moyoni kuhusu miaka ile kimetufikia zaidi kwa Kifaransa cha watu wengine kuliko kwa Kiswahili chao.

Tuanze na habari zenyewe. Romain-Desfossés alizaliwa Brest mwaka 1887; alikuwa afisa wa jeshi la majini na pia mchoraji. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa katika Afrika ya Ikweta upande wa Wafaransa Huru, kisha akaingia Kongo ya Wabelgiji. Alifuatana na Bela, mtu wa kabila la Wasara kutoka Chad, ambaye alikuwa akimtumikia nyumbani. Mwaka 1946 alifungua Elisabethville karakana ambayo watu waliizoea kwa jina la Hangar. Mbali na wale watatu walikuwamo pia wengine, kama vile Kalela, Kaballa na Ilunga. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha Akademia ya sanaa katika mji huohuo. Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana yake haikudumu. Pilipili na Mwenze wakaingia Akademia na kufundisha huko. Kwa hiyo umri wa Hangar ni miaka minane tu. Ni muda mfupi kuliko ule ambao baadhi ya wanafunzi wetu huutumia kumaliza licence.

Miaka minane hiyo imezaa hadithi ya chanzo inayosimuliwa kwa namna mbalimbali. Kiini chake ni kwamba Bela, boyi wa nyumbani, alishika rangi za bwana wake akachora, naye bwana alipoona akastaajabu, na hapo wazo la karakana likazaliwa. Hatuna nia ya kuikanusha. Twataka tu kuangalia kitenzi chake. Kwa Kifaransa husemwa kwamba bwana alimvumbua Bela. Kiswahili kina kitenzi hicho, na kingine cha kugundua, lakini msemaji wa kawaida wa Kiswahili hasemi kwamba amemvumbua mtu anayekaa naye nyumba moja. Huvumbuliwa kitu kilichofichika, kama madini au mto. Mtu anayekupikia kila siku hakufichika. Kama hukumjua, basi hukumtazama. Hapa tafsiri ya neno kwa neno inatusaidia kuona kile ambacho Kifaransa kinakipitisha bila kelele.

Na bahati njema tunayo maandishi yanayotuonyesha jinsi boyi wa Elisabethville alivyoitazama nyumba ya bwana. Mwaka 1965 chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini hapa kilitoa kijitabu, kilichoandikwa na André Yav, chenye jina la Vocabulaire ya ville de Elisabethville. Johannes Fabian alikichapisha upya pamoja na maelezo yake mwaka 1990. Kiswahili chake ni Kiswahili cha mjini, kisichoomba ruhusa kwa sarufi ya shule, na ndiyo maana wengine hapa kitivoni walikuwa wakikidharau. Ni kosa kukidharau. Humo historia ya mji inasimuliwa na wale waliokuwa jikoni na kwenye varanda, na mpangilio wa sentensi umegeuka: mtumishi ndiye anayeona, na Mzungu ndiye anayeonwa, tabia zake, ukali wake, majina aliyopachikwa na watu.

Tukiisoma hadithi ya Bela kwa jicho hilo, inapata sura nyingine bila sisi kuongeza tukio lolote. Anayefanya kazi katika nyumba ya mchoraji anajua rangi ipi inakwisha upesi, ipi inakauka polepole, picha ipi ilifutwa mara tatu na ipi iligeuziwa ukuta. Huyo amekwisha kukaa karakanani kabla karakana haijafunguliwa. Ikiwa kuna mafunzo ya awali katika maisha ya Bela, yalikuwa pale, na yalikuwa ya kutazama. Kisha akachora kwa ncha za vidole. Jambo hili latajwa na wote walioandika juu yake, na mara nyingi hutajwa kama dalili ya uasilia wa Mwafrika. Maelezo mepesi zaidi hayajaribiwa. Brashi zilikuwa mali ya bwana. Vidole vilikuwa vya Bela. Hatudai kwamba hiyo ndiyo sababu, ila twadai kwamba ni sababu ambayo mtu wa jikoni angeifikiria kwanza.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe la kufundisha. Sifa kubwa ya Desfossés katika maandishi ya wenzake ni kwamba hakufundisha. Alitoa vifaa, akakataza watu wake wasiige picha za Ulaya, akawahimiza wachote katika mazingira yao na katika ndoto zao. Pierre Lods alifuata njia inayokaribiana na hiyo alipofungua karakana yake Poto-Poto, Brazzaville, mwaka 1951. Kinyume chake, Frère Marc-Stanislas, yaani Victor Wallenda, aliyeanzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943 na kuihamishia Léopoldville mwaka 1949, alikuwa mwalimu wa shule, mwenye masomo na madaraja. Wahakiki wamezoea kuziweka njia hizi mbili kama usiku na mchana: huku uhuru, kule nidhamu.

Kiswahili hakikubali upambanuzi huo kwa urahisi. Shina la fundisha ni funda, na kufunda, kama wajuavyo wote waliowahi kumwona mwali akitolewa ndani, hakuna ubao wala chaki. Mtu hufundwa kwa kuwekwa mahali, kwa kutengwa na wengine, kwa kuonyeshwa vitu vichache, na zaidi ya yote kwa kupewa miiko. Usile hiki, usitazame kile, usitaje jina fulani. Katika shina hilohilo tumepata fundi na mwanafunzi. Kwa maana hiyo Desfossés alifundisha, tena alifundisha kwa nguvu. Aliwatenga vijana na picha nyingine, akawawekea mwiko mmoja mkubwa, usiige Ulaya, na mwiko mmoja ukiwekwa na mtu mwenye rangi, mwenye karatasi na mwenye wanunuzi, watosha kuwa mtaala mzima.

Ushahidi umo ndani ya picha zenyewe. Mtu akizitazama picha za Hangar kwa pamoja, ataona sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Uso wa karatasi umejazwa wote, hakuna mahali palipoachwa wazi. Hakuna kivuli wala umbali. Kilicho mbali hakikupunguzwa. Wanyama ni wengi kuliko watu, nao mara nyingi wanawindana: nyoka na ndege, mamba na samaki, chui na swala. Watu kumi wakiachwa huru kabisa hawafikii sheria moja kwa bahati.

Lakini msomaji asielewe kwamba twawanyang'anya wachoraji kile tulichotaka kuwarudishia. Ndani ya sheria hizo kila mkono ulijitafutia njia, na hapa ndipo tunapopaswa kukaa kitambo. Bela anaweka doa baada ya doa, alama ya kidole juu ya alama ya kidole, mpaka picha yote inatetemeka kama uwanja wakati wa ngoma. Pilipili ni mtu wa subira. Nyuma ya ndege wake na samaki wake hufuma pazia la majani madogo na nukta zinazorudiwa bila kuchoka, na ndege mwenyewe anachorwa unyoya kwa unyoya kwa upole wa mtu anayevua ambaye hataki kushtua maji. Mwenze ndiye tunayemwona kuwa mkubwa kuliko wote. Yeye hachori mstari wa nje kisha akaujaza. Anaujenga mwili wa mtu au wa mnyama kwa mistari mifupi inayolala sambamba, myekundu, ya udongo, myeusi, myeupe, ikibadili mwelekeo pale misuli inapobadili mwelekeo. Mandhari ya nyuma imejengwa kwa mistari hiyohiyo, ikielekea upande mwingine. Kwa hiyo mwindaji na pori vimefumwa kwa uzi mmoja, na kinachowatenganisha ni upande tu ambao uzi umelalia. Hakuna bwana aliyemwonyesha mtu jambo kama hilo, kwa sababu bwana mwenyewe hakuwa nalo.

Hapo ndipo kitenzi kinapogeuka. Si alimfundisha, wala si alimwacha. Ni Mwenze alijifunza. Kiambishi -ji- kinamfanya mtu kuwa kiima na yambwa kwa pamoja, na hatujui neno bora zaidi la kueleza kilichotokea karakanani humo.

Kuna hata hivyo jambo ambalo picha hizo hazilisemi, na kimya hicho chastahili kuhesabiwa. Hangar ilifunguliwa mwaka 1946. Miaka mitano tu kabla yake, mwezi wa Disemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi mjini humohumo. Bomba la moshi la kiwanda lilionekana kutoka kila pembe ya mji, na mlima wa takataka za shaba pia. Katika picha za Hangar tulizoziona, halimo bomba, haumo mlima, hayumo askari. Kuna pori, mto na anga. Wapo wanaosema kwamba nyoka anayevamia kiota ndiye askari, na kwamba mamba ni kampuni. Hilo ni rahisi mno. Tumelelewa kwenye ngano za wanyama na tunapenda kuona fumbo kila mahali, lakini picha ya mamba ina haki ya kuwa picha ya mamba. Sababu iliyo karibu zaidi ni ule mwiko tuliokwisha kuutaja. Ulaya iliyokatazwa haikuwa michoro ya Ulaya tu. Bila kutamkwa, ilikuwa pia Ulaya iliyokuwa ikiishi mjini, na kiwanda chake, na bunduki yake. Kijana alihimizwa kukumbuka kijiji wakati alipokuwa akikaa mjini. Mnunuzi naye alitaka hivyo.

Ili kuona uzito wa kimya hicho, yatosha kumfikiria Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, ambaye hakutoka katika karakana hiyo. Mnamo 1973 na 1974 alimchorea Fabian, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu hapa, picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi, na picha hizo zimechapishwa mwaka 1996 pamoja na mazungumzo yao. Mauaji ya 1941 yamo. Bomba la kiwanda limo. Na mazungumzo yalifanyika kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa saa nyingi, mchoraji akiwa kiima cha sentensi zake mwenyewe, akijiita mwanahistoria. Tshibumba alipotea machoni pa watu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini maneno yake yapo. Ya Mwenze na ya Pilipili, watu waliosifiwa zaidi na waliouzwa ghali zaidi, hayapo kwa wingi wa namna hiyo. Linganisho hili ni chungu: karakana yenye mlezi iliacha picha nyingi na maneno machache, mtu asiye na karakana aliacha vyote viwili.

Katika miaka hiyo ya 1970 wanunuzi wa mitaa ya Lubumbashi waliiita picha ya namna ya Tshibumba ukumbusho. Neno hilo lafaa litazamwe kwa makini, maana linatupa kanuni ya kusoma kila simulizi la msanii juu ya ujana wake. Kumbukumbu ni kile kilichowekwa. Inaweza kukaa kwa mtu mmoja bila mwingine kujua. Ukumbusho una kiambishi cha kusababisha, ile -sh- ya kumbusha: hauwezi kuwapo bila mtu mwingine anayefanywa akumbuke. Basi msanii anaposimulia karakana yake ya kwanza, hatoi kumbukumbu kutoka sandukuni. Anamkumbusha mtu fulani, na mtu huyo yumo ndani ya sentensi hata asipotajwa. Akimsimulia mnunuzi wa Ubelgiji, atamtaja mlezi. Akimsimulia mwanafunzi wake wa Akademia, huenda akataja karatasi ilivyokuwa ghali. Simulizi zote mbili zaweza kuwa za kweli.

Na jumba la kuhifadhi vitu vya kale, Kiswahili sanifu hukiita makumbusho, kwa shina hilohilo, ingawa mjini kwetu watu wengi husema tu musée. Jambo hili latufikisha kwa msanii wa kizazi kingine. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kusoma katika Chuo Kikuu chetu, alikuwa amekwisha kujulikana kwa picha zake za 2006 ziitwazo Mémoire, ambamo wafanyakazi wa picha za zamani wanasimamishwa katikati ya magofu ya Gécamines. Bado alikuwa kijana katika kazi yake alipoalikwa, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza, kukaa na kufanya kazi katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Matunda yake yalionyeshwa huko mwaka 2011 kwa jina la Congo Far West. Baloji alichagua mafaili ya msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900: picha za maji za Léon Dardenne na picha za kamera za François Michel. Akaziunganisha hizo mbili, watu waliopigwa picha kama vielelezo wakawekwa ndani ya mandhari laini ya Dardenne, mpaka mtazamaji anaona aibu ya kuufurahia uzuri huo.

Tofauti na Hangar ni kubwa, nayo haiko katika wema wa wenyeji. Desfossés alitoa rangi na kukataza kutazama Ulaya. Tervuren ilifungua droo, na aliyeingia akaitazama Ulaya ilivyokuwa ikitutazama. Mwiko uleule uliowalea kina Mwenze, Baloji aliuvunja kwa kibali cha mwenye nyumba. Tusisahau hata hivyo kwamba droo, kama rangi, ina mwenyewe, na funguo hurudishwa jioni. Picha za Michel zilibaki Tervuren. Alichorudi nacho Baloji ni njia ya kufanya kazi, na njia hiyo ameishika tangu hapo: hata alichokipeleka kwenye documenta ya 2017, huko Athens na Kassel, kilitokana na vitu vya Wakongo vilivyohifadhiwa Ulaya. Kwa hiyo kwake karakana ya ujana haijawa jambo la kukumbuka. Bado yumo ndani.

Turudi kwa Pilipili na Mwenze, maana kuna sehemu ya maisha yao ambayo wahakiki wameipita mbio. Watu waliolelewa kwa sifa ya kutofundishwa walikuwa waalimu wa Akademia. Je, walifundishaje? Walirithi mwiko, au waliutupa? Mwenze alimwonyesha mwanafunzi ile mistari yake, au alimficha? Majibu ya maswali haya hayapatikani Paris wala Brussels. Yako kwa watu waliopita mikononi mwao, ambao baadhi yao bado wanaishi katika mji huu na wanazungumza Kiswahili kila siku. Wanafunzi wa idara yetu wanaotafuta mada ya tasnifu wana kazi hapo, na ni kazi ya miaka michache ijayo, si ya siku za mbali.

Neno moja la mbinu kwa atakayekwenda. Asianze kwa kuuliza, bwana huyo alikufundisha nini. Swali hilo limekwisha kuweka kiima na yambwa mahali pake, na mzee, kwa adabu yake, atajibu ndani ya sentensi aliyopewa. Aulize: baba, siku ya kwanza ulipoingia pale, ulikuta nini? Kisha anyamaze, aache chombo cha kurekodi kiendelee, na atakapoandika maneno yale asiyasahihishe kuwa Kiswahili cha Zanzibar.